Barafu ya Getini

Watu wakiniuliza kama najuta kumpasua mkwe wangu kichwa kwa rungu, nawajibu kwamba ndiyo, najuta sana. Nilichelewa.

Mimi ni mlinzi wa geti la kituo cha afya. Mwanamke, ndiyo, na kama una neno basi lisemee huko huko ulipo. Kabla ya ugonjwa ule kuingia, kazi yangu ilikuwa kunyoosha foleni, kufukuza mbuzi, na kuwatuliza walevi wanaokuja kushonwa huku bado wanataka kupigana. Nilikuwa na rungu, filimbi na mdomo, na mdomo ndio uliofanya kazi nyingi zaidi. Ugonjwa ulipoingia nikaongezewa kipimajoto, kile cha kumwelekezea mtu kwenye paji la uso kikalia pii. Watu wakakiita bastola, na mimi wakaniita Mama Bastola. Jina lenyewe sikulichukia.

Utaratibu ulikuwa mwepesi hata kwa mlevi. Mwenye joto anakwenda kulia, nyuma ya jengo, kwenye turubai kubwa jeupe, na huko anaonwa papo hapo. Asiye na joto anakwenda kushoto, anakaa benchi, anasubiri zamu yake. Walioupanga walidhani watu watagombania kulia kwa sababu kulia hakuna foleni. Thubutu! Wagonjwa wa mwanzo kuingia turubaini walikuwa wazee ambao hali zao zilikwisha kuharibika nyumbani. Wakafa, wakazikwa na watu waliovaa plastiki mwili mzima, ndugu hawakugusa hata shuka. Basi, imekwisha hiyo. Mtaani wakasema kinachoua ni turubai. Wengi wakaacha kabisa kuja. Mwenye sukari akabaki na sukari yake, mwenye kifua na kifua chake, aliyeungua mafuta ya kukaangia akapakwa dawa ya meno na jirani.

Na wale wachache waliokuja, walikuja wamejiandaa. Nje ya geti, pembeni ya ukuta, alikaa mwanamke tuliyemwita Mama Barafu. Zamani aliuza maji baridi ya vifuko. Sasa akawa anauza mabonge ya barafu kwenye mifuko ya nailoni, na biashara ikamnyookea. Mtu anakuja anachemka, ananunua bonge lake, anajificha nyuma ya ukuta, analikandamiza kwenye paji la uso mpaka ngozi inakufa ganzi, anajifuta, anakuja kwangu. Pii, kijani. Kushoto, baba. Kushoto, dada. Mimi nilidhani wananunua kwa sababu ya jua. Nilikuja kujua barafu ile ni ya nini siku ilipofika kwenye damu yangu mwenyewe.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Tangu utotoni tulimwita Chiriku kwa sababu ya domo lake. Aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mwenye mikono ya nguvu na akili ya kuazima kwa mama yake. Chiriku aliposhika mimba nilimwambia, "Utazaa hapa kituoni, mbele ya macho yangu." Akasema sawa. Mama yake Fundi, mkwe mwenzangu, akasema, "Hospitali? Kwenye ugonjwa? Wanawake wangapi wamezaa nyumbani na wako hai?" Wakati huo mwenye nyumba wangu alikuwa amelitupa godoro langu nje, eti nitamletea ugonjwa kutoka kazini, nami nikawa nalala kwenye stoo ya kituo. Kwa wakwe nako nilikatazwa kukanyaga. Kwa hiyo ubishi wote niliufanya kwa simu, na kwenye simu huwezi kumshika mtu kola.

Akazaa nyumbani, wanawake wa jirani wakimshika magoti. Akanipigia. "Mama, umepata mjukuu wa kike. Ana domo langu, utakoma!"

"Na kondo la nyuma limetoka?"

"Mama nawe! Limetoka. Hata pongezi hunipi?"

Nikampa pongezi. Halafu Fundi akachukua simu, akasema, "Mama, usije kwanza mpaka hali itulie. Si unajua unakofanya kazi." Nikameza. Yeye ni mume, nami nilitaka amani.

Siku yenyewe walikuja asubuhi, jua tayari kali. Fundi amemshika mkewe kiunoni, mama yake amembeba mtoto, na mdogo wake Fundi anawafuata nyuma kama askari. Nilipoona kile kifurushi cha kitenge moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Mjukuu wangu, nilikuwa sijamwona hata mara moja!

"Shikamoo, mama," Fundi akasema bila kuniangalia usoni.

"Marahaba. Ana nini mwanangu?"

"Tumbo linamsumbua kidogo. Tupewe dawa tu tuondoke."

"Shikamoo, mama," Chiriku akasema kwa sauti ndogo, akanyamaza. Mtoto huyu, ambaye nilikuwa nikimhonga peremende ili anyamaze nipate kulala, akanyamaza! Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, macho yangu yalikuwa kwenye kitenge. Maji yalikuwa yanamchuruzika Chiriku kutoka kwenye kilemba mpaka shingoni, nikadhani jasho. Nikamwelekezea bastola kwenye paji. Pii, kijani. Nikafurahi kama mjinga.

"Hana joto. Kushoto, wanangu. Kaeni benchi, mtaitwa."

Wakakaa. Nikawa nachungulia kila nikipata nafasi. Nikamwona ameegemea ukuta, amefumba macho, nikasema uzazi unachosha, mwache apumzike. Foleni ilikuwa haisogei kwa sababu aliyekuwa akihudumia upande ule alikuwa mmoja. Kule turubaini Sista, muuguzi wetu, alikuwa amekaa hana mgonjwa hata mmoja, anasubiri watu wenye joto, na watu wenye joto wote walikuwa wamejaa kwenye benchi langu.

Karibu na adhuhuri nikasikia kishindo na mkwe mwenzangu akapiga yowe. Nilikimbia. Chiriku alikuwa chini, uso kwenye saruji. Nikampindua, nikaweka kiganja shingoni, nikakiondoa upesi, kwa maana alikuwa moto wa jiko. Nikafungua kilemba apate hewa. Ukaanguka mfuko wa nailoni uliojaa maji, na ndani yake kipande cha barafu kidogo kama jino.

Nilimtazama Fundi. Yeye akautazama mfuko.

"Ana homa tangu lini?"

"Mama, tungesema angepelekwa turubaini..."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu alipojifungua."

"Turubaini ndiko aliko wa kumtibu, fala wewe! Huku umemleta akae benchi afe kwa zamu?"

Nikamshika Chiriku makwapani nimburute. Fundi akamshika miguu. "Haendi kule!" Nikavuta, naye akavuta. Mwanangu akawa anavutwa huku na huku kama gunia, kichwa kinaning'inia, na watu wa benchini wanatazama tu, hakuna aliyeinuka. Nikaona kwa mtindo huu tutamchana. Nikamlaza taratibu, nikachomoa rungu, nikampiga Fundi pigo moja juu ya sikio. Ngozi ikafunguka, damu ikamshuka shingoni, akakaa chini kama mtoto anayejifunza kutembea. Mama yake akanirukia na kucha, nikamsukuma mpaka ukutani na mjukuu wangu mikononi mwake, Mungu anisamehe kwa hilo la mtoto tu. Yule mdogo wake akatimka getini akipiga kelele: "Wamempiga Fundi! Wanampeleka shemeji turubaini kwa nguvu!"

Nilimbeba Chiriku mwenyewe. Harufu iliyokuwa ikitoka kwake ilikuwa ya kitu kilichooza. Nilifika, lakini sijui nilifikaje.

Sista ni msichana mdogo, mwembamba ndani ya lile vazi la plastiki, ila mikono yake haicheleweshi kitu. Alimpima, akambonyeza tumbo, Chiriku akapiga ukelele. "Kondo halikutoka lote, mama. Limeozea ndani, sumu imeshaingia kwenye damu." Akamtundikia maji, akamchoma sindano moja, akamchoma nyingine, akapiga simu kuita gari la wagonjwa limpeleke hospitali kubwa akasafishwe. "Dawa hii ikiingia yote mpaka gari lifike, nafasi anayo."

"Nafasi kubwa?"

"Nafasi anayo, mama."

Nikaling'ang'ania neno hilo kwa meno. Nikakaa chini kando ya kitanda, nikayaangalia matone. Tone, tone, tone. Baada ya muda Chiriku akafungua macho.

"Mama, umempiga mume wangu?"

"Kidogo."

"Ungeongeza," akasema, akacheka. Alicheka, nakuapia, kicheko chake chenyewe. Halafu akauliza mtoto amenyonya kwa nani. Nikamwambia tulia, nitakwenda kumchukua sasa hivi.

Sikupata kwenda. Nje kulikuwa na mvumo, na mlinzi anaujua mvumo wa watu waliokwisha kukubaliana. Nikakimbilia geti, nikafunga mnyororo na kufuli. Walikuwa wanakuja wamejaa barabara nzima: wachomeleaji na nondo zao, wabeba mizigo, wanawake wenye michi, watu ambao wazazi wao walifia turubaini, na Mama Barafu katikati yao anapayuka kuliko wote. Mbele yao alikuwa Fundi, shati amelizungusha kichwani, limelowa damu.

"Tunamtaka mke wetu!" wakapiga kelele.

"Mke wenu anatibiwa! Gari linakuja!" nikawajibu. "Nipeni muda kidogo tu, jamani, nawaomba!"

Mimi, Mama Bastola, nikaomba. Nilipiga magoti kwenye kokoto nikawaomba watu ambao nimewafungulia geti lile miaka yote, usiku na mchana, wakiwa na wake zao, na vichaa wao, na watoto waliomeza sarafu. Jiwe la kwanza likanipata begani. Geti wakaling'oa na nguzo zake, likaniangukia nikiwa bado chini, nao wakapita juu yake.

Nilijikwamua. Nilipofika turubaini walikuwa tayari wanakata kamba. Nikapiga. Sikuchagua. Nilipiga mgongo, nikapiga mdomo nikasikia meno yanavunjika, sijui ni ya nani na sitaki kujua. Sista alikuwa amesimama mbele ya kitanda, amenyoosha mikono miwili, anasema "jamani, jamani," na jiwe likapasua kile kioo cha usoni likamchana kuanzia nyusi mpaka shavuni. Akaanguka kwenye meza ya dawa. Wakaipindua meza, wakazikanyaga chupa moja moja kwa viatu, kwa makusudi, kama watu wanaoua nge. Mtu akanipiga nondo ya mkono wa kulia. Vidole vyangu viwili mpaka leo havikunjiki. Rungu likanitoka.

Nikiwa chini nikamwona Fundi anaingia. Alikuwa analia. Hilo nitalisema, maana sisemi uongo hata juu ya adui: alikuwa analia kwa mapenzi. "Mke wangu, nimekuja, nimekuja!" Akaushika ule mrija wa maji, akauvuta pamoja na sindano, damu ikaruka kwenye shuka.

"Niache hapa," Chiriku akasema. "Niache." Nilimsikia vizuri, na Fundi naye alikuwa karibu yake kuliko mimi. Akamtupia begani.

Walimtoa kwa shangwe. Wanawake walipiga vigelegele, walimpigia mwanangu vigelegele! "Tumemwokoa! Tumemwokoa!" Wakamlaza kwenye mkokoteni na kuusukuma mbio. Gari la wagonjwa likakutana nao njiani, likapigwa mawe, kioo chake cha mbele kikamwagika, dereva akageuza. Kabla mkokoteni haujafika kwenye karakana ya mumewe, Chiriku akawa amekata roho.

Vigelegele vikakatika. Mtu mmoja akasema, na sijawahi kumjua ni nani: "Mmeona? Walikuwa wameshamdunga." Basi, maneno hayo yakatosha. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unayarudia. Walimwahi, masikini, ila alikuwa ameshadungwa.

Kwenye mazishi nilisimamishwa ng'ambo ya barabara, mkono umefungwa bendeji, kwa sababu natoka kwenye ugonjwa. Mama mzazi! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na hapo walikuwa wanasema kwa sauti ili nisikie, huku wamenizibia njia. Sikupigana. Watu walidhani nimetulia. Nilikuwa nimekufa tu, na maiti haina hasira.

Hasira ilirudi baadaye, nikiwa getini. Geti tulilisimamisha upya, turubai tukalishona, dawa chache tukapewa za kuanzia. Hakuja mtu. Siku ya chanjo za watoto, nikakaa na filimbi yangu, nikaangalia barabara, hakuja mama hata mmoja. Mama Barafu naye akahama, hakuwa tena na wa kumuuzia. Sista alirudi kazini na nyuzi usoni, akawa anapanga na kupangua rafu. Nikamuuliza kwa nini asiondoke. Akasema, "Niondoke niende wapi, mama?"

Halafu mchana mmoja nikamwona mwanamume anakuja peke yake, anayumba. Nilidhani mlevi. Alipokaribia nikaona ni Fundi. Sura ilikuwa imevimba yote, jicho moja limefumba, mdomo umepasuka, na damu inamtiririka kichwani mpaka kwenye shati. Ndani ya shati alikuwa amemkumbatia mtoto.

"Nani kakufanya hivi?"

"Ndugu zangu. Walisema mtoto haji huku. Nikamchukua kwa nguvu." Akavuta pumzi. "Mama, anachemka. Hata chupa hainyonyi tangu jana."

Nikampokea mjukuu wangu kwa mkono mzima. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumshika. Mwepesi, moto, macho yamemlegea. Fundi akainua mguu anifuate. Nikalisukuma geti kwa bega, likamfungia nje, nikatia kufuli.

"Mama, nimeumia."

"Naona."

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe siku Chiriku akirudi."

Akashika nondo za geti kwa mikono miwili, kisha akateleza taratibu mpaka chini. Nikampa mgongo. Miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumfungia geti mtu anayetoka damu, hata walevi, hata wezi waliopigwa na watu. Siku hiyo nilifunga, na nilipofunga niliona raha. Sifichi.

Sista alimchoma mtoto sindano, akamdondoshea maji mdomoni kwa bomba dogo, akanikalisha kwenye kiti mlangoni mwa turubai, akasema nimlaze kifuani. Tukasubiri. Baada ya muda mtoto akaanza kutoa jasho, jasho la kweli, na mwili wake ukapoa kidogo. Sista akamgusa shingoni, akaitikia kwa kichwa.

"Baba yake yuko wapi?"

"Nje."

"Nimeona damu kwenye nguo ya mtoto."

"Na wewe ulikuwa na damu. Mimi pia. Na Chiriku."

Akanitazama. Lile kovu lilikuwa bado jekundu, limemvuta jicho upande. Akanyoosha kiganja. "Nipe ufunguo, mama."

"Sina."

Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, kwenye kamba, na yeye anaujua. Akaushika akauvuta, kamba ikanikata ngozi ikakatika. Kama si mtoto mikononi ningempiga na yeye, wallahi ningempiga. Akaenda getini, akafungua, akamburuta Fundi kwa kwapa hatua kwa hatua, mtu mara mbili ya mwili wake. Walipofika turubaini Fundi akalishika lile turubai, akagoma kuingia. Sista akamsukuma ndani kwa goti.

Dawa ya ganzi haikuwapo. Chupa zote zilikanyagwa siku ile, na mpya zilikuwa hazijaletwa. Sista akamweleza hivyo waziwazi, akamwambia aume taulo, akaanza kushona. Fundi alivumilia nyuzi mbili. Ya tatu ikamshinda, akatema taulo akapiga kelele, na kelele za mwanamume yule zilikuwa kubwa.

Barabarani watu walisimama. Niliwaona kupitia geti lililoachwa wazi: mwanamke na ndoo kichwani, mzee mwenye baiskeli, na mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto mgonjwa mgongoni, kichwa cha mtoto kinalegea. Huyo wa mwisho alikuwa ameshakanyaga kizingiti. Wakasikiliza sauti inayotoka turubaini, wakatazamana. Mama yule akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, halafu akageuka akakimbia, na mtoto wake akarukaruka mgongoni.

Ningeweza kumwita. Filimbi ilikuwa mfukoni, mdomo ninao. Lakini mjukuu wangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunyonya kidole changu, nami sikuinuka.